Habari za Goti la Bandia

Leo tutazungumza habari za goti. Mtu aliyepanda vilima na mikungu ya ndizi tangu ujana huenda akafika siku goti limelika, hata hatua moja ni taabu.

Mwaka 1890, huko Berlin, Ujerumani, daktari Themistocles Gluck alimtia mgonjwa goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu, bidhaa ile ile iliyokuwa ikiuzwa Unguja. Magoti yake hayakudumu, kwani viungo vile vilikuwa na kifua kikuu. Mwaka 1968 daktari Frank Gunston, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, alitia goti la chuma na plastiki. Kazi hiyo imefika kwetu pia: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hubadilisha magoti.

Matunzo nayo yamebadilika. Zamani mgonjwa alilazwa siku nyingi. Madaktari wakaona kuwa goti lisilotumika hukakamaa, na damu huweza kuganda mguuni. Kwa hiyo siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake, akishika magongo.

Je, maumivu? Dawa haiondoi maumivu yote. Huyapunguza ili mtu aweze kunyoosha goti na kutembea. Imeze kwa saa ulizoambiwa, usingoje maumivu yazidi. Weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 20. Inua mguu, lakini usiweke mto chini ya goti, lisije likazoea kupinda. Usikate tamaa: uvimbe huweza kukaa miezi, na nguvu kamili huweza kuchukua mwaka.

Nyumbani, kuchuchumaa chooni ni vigumu. Fundi atengeneze kiti chenye tundu. Tena, kwa desturi ya Kihaya mwanamke hupiga magoti kuamkia wakubwa. Mwenye goti jipya aamkie akiwa ameketi, wala wakubwa wasimlaumu. Heshima imo moyoni.

Lakini ukiona homa, usaha, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kubana, nenda hospitali mara moja.

Sasa jibuni darasani:
1. Goti la kwanza la Gluck lilichongwa kwa kitu gani?
2. Kwa nini mgonjwa halazwi tena siku nyingi?
3. Nani kijijini mwenu ahitaji kiti cha choo?