Mshono wa Moto: Habari za Mashua za Alumini

Historia ya vyombo vya majini huandikwa mara nyingi kama historia ya safari: nani aliondoka wapi, akafika lini, akarudi na nini. Lakini chini ya historia hiyo iko nyingine, nayo ni historia ya viungo. Kila chombo kilicho kikubwa kuliko mtumbwi wa gogo moja ni vipande vilivyounganishwa, na namna ya kuviunganisha ndiyo iamuayo nani aweza kukijenga, kwa mali gani na mahali gani. Mwandishi wa Kiyunani aliyeandika habari za biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza baada ya Kristo aliitaja bandari ya pwani yetu kwa jina la Rhapta, jina litokanalo na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake iliendelea kushonwa kwa kamba za makumbi hadi karne ya 20. Basi msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa kwamba mashua ni mbao pamoja na kile kizishikacho. Kwa fikira hiyo nataka kueleza habari za chombo kisichofanana na mtepe kwa sura, ila kilikabiliwa na swali lilelile: mashua ya alumini iliyounganishwa kwa moto, ambayo leo mtu mmoja aweza kuijenga nyuma ya nyumba yake.

Alumini ni madini kijana. Wanakemia waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1825, na kwa muda wa miaka sitini ilikuwa kitu cha thamani, si cha kazi. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, waligundua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme, na bei yake ikaanguka. Wajenzi wa vyombo hawakukawia kuitamani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Feleji ya kadiri hiyo ina kilo 7.8 hivi, na alumini kilo 2.7 tu. Mwaka 1891 kiwanda cha Escher Wyss mjini Zurich kilikuwa kimekwisha kujenga mashua ya alumini. Mwaka 1896 afisa wa majeshi ya maji ya Ufaransa, Luteni Hourst, alishuka mto Niger kutoka Timbuktu hadi baharini akiwa na chombo cha alumini, kilichoweza kufunguliwa vipande na kuchukuliwa nchi kavu. Hapo wepesi wa madini haya ulipimwa kwa mabega ya wapagazi, na faida yake iliandikwa katika hesabu ya watawala.

Mto uliipokea alumini vizuri kuliko bahari. Mwaka 1895 Wamarekani walijenga jahazi la mashindano lililoitwa Defender. Ubavu wake wa juu ulikuwa wa alumini, sehemu izamayo majini ilikuwa ya mabamba ya shaba iliyochanganywa, na mataruma yake yalikuwa ya feleji. Jahazi hilo lilishinda, likailinda heshima ya wenyewe mbele ya Waingereza. Lakini madini yasiyo ya jamii moja yakigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na lililo dhaifu miongoni mwao huliwa. Iliyoliwa ilikuwa alumini. Mwaka 1901 Defender ilivunjwa. Hata alumini ngumu iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1906, iliyofaa sana kwa ndege, ilikuwa na shaba ndani yake, na kwa hiyo ilibeba adui yake tumboni. Ilibidi kungoja mchanganyiko mwingine, wa alumini na magnesi, ndipo bahari ikubali.

Lakini hata madini yaliyokubaliwa na bahari hayakuwa bado yamepata kiungo chake. Mashua za kwanza ziliunganishwa kwa ribiti, yaani pini zilizogongwa pande zote mbili, kazi yenye maelfu ya matundu, na kila tundu ni mlango wa maji. Kulehemu, yaani kuyeyusha kingo za mabamba mawili hata ziwe kitu kimoja, kazi ambayo mafundi wa mitaani huiita kuchomelea, kulishindikana kwa sababu ya tabia ya alumini yenyewe. Ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba usioonekana. Utando huo ndio uikingao na kutu, na ndio umzuiao fundi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wake hauyeyuki mpaka zipite 2,000. Tena alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama ifanyavyo feleji. Fundi huiona imetulia, na mara huporomoka mbele ya macho yake.

Dawa ilitoka katika viwanda vya ndege wakati wa vita. Mwaka 1942 Russell Meredith, wa kiwanda cha Northrop huko Kalifornia, alipata hataza ya kulehemu kwa ncha ya tungsteni isiyoyeyuka, huku gesi ya heli ikilifunika dimbwi la moto lisiguswe na hewa. Baadaye agoni ilishika nafasi ya heli katika kazi nyingi, na umeme wa kupishana ukatumika kuuvunja ule utando. Mwaka 1948 ikapatikana njia ya pili, ambayo waya wenyewe hulishwa na mashine na kuyeyuka ndani ya gesi. Vita vilipokwisha, viwanda vilibaki na alumini nyingi na ndege chache za kujenga. Kampuni ya Grumman iligeukia mitumbwi, lakini bado kwa ribiti. Katika miaka ya 1950 mambo matatu yalikutana: mabamba yenye magnesi kiasi cha asilimia 4, gesi, na mashine ya kulehemu.

Matunda yake yalionekana katika pwani ya Pasifiki ya Marekani Kaskazini, tangu jimbo la Washington hadi Alaska. Katika uvuvi wa samoni wa Bristol Bay, sheria ilikataza mashua za injini hadi mwaka 1951. Wavuvi walitumia mashua za mbao zenye tanga. Sheria ilipolegezwa, urefu ulibaki kuwa futi 32, lakini injini ilikuja, na baada yake alumini. Madini yale yalivumilia kugonga mawe na kuburutwa ufukoni, wala hayakuhitaji rangi. Hapo ndipo mvuvi alipoanza kujiuliza: kama kiungo ni mshono wa moto tu, kwa nini nisiushone mwenyewe?

Jibu lilikuwa jepesi kuliko alivyotazamia. Bamba la alumini hukatwa kwa msumeno wa seremala wenye meno magumu, na kingo zake husawazishwa kwa randa ya umeme. Hahitaji tanuri wala nyundo kubwa. Bamba la chini huwa la milimita 5 hivi, na la ubavuni hupungua kidogo. Mjenzi huyapinda mabamba juu ya mataruma ya muda, huyashika kwa vijishono vifupi mbalimbali, kisha hulehemu kidogo huku, kidogo kule, upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu, maana moto ukikaa mahali pamoja bamba hujikunja na chombo hupinda mgongo. Husugua kila ukingo kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, hufunga milango upepo usiipeperushe gesi, na mwisho hupaka chokaa upande mmoja wa mshono na mafuta ya taa upande wa pili. Doa likitokea kwenye chokaa, mshono ni mwongo.

Hapa ndipo ilipo hatari, na pia heshima, ya kazi hii. Mshono wa kamba huonekana na kila baharia. Ukilegea hukazwa upya. Mshono wa moto waweza kuwa mzuri kwa nje hali ndani haukushikana, na bamba lililo kando yake limepoteza sehemu ya nguvu zake kwa joto. Katika viwanda vikubwa mwenye kulehemu hubaki nchi kavu na mwingine huenda baharini. Mjenzi wa nyumbani huketi juu ya mshono wake mwenyewe, na jambo hilo humfunza uaminifu ambao mkaguzi hawezi kumwamrisha.

Kwa hiyo husemwa kwamba mshono wa moto umerudisha ujenzi wa vyombo kutoka kiwandani hadi uani. Maneno hayo ni kweli kwa nusu. Aliyeshona mtepe alipata kamba yake katika mnazi wa mji wake. Hakumwomba mtu wa mbali. Mjenzi wa leo ana ujuzi mikononi, lakini bamba lake hutoka katika viwanda vinywavyo umeme wa mito mizima, na gesi yake hutengwa na hewa kwa mitambo asiyoimiliki. Mtungi ukiisha, kazi husimama. Mwanafunzi wa historia asiridhike basi kuuliza nani alijenga chombo. Aulize pia kilichokishika kilitoka wapi, na nani angeweza kukizuia kisifike.