Madesa ya dunia nzima

Kila aliyepita chuo kikuu hapa Tanzania analijua neno desa. Desa ni nakala ya nakala ya nakala: maelezo ya mhadhara wa mwaka juzi yaliyopigwa fotokopi stesheneri mpaka herufi za pembeni zimemezwa. Aliyeliandika hajulikani. Linazunguka tu, na watu wanafaulu nalo. Leo nataka tuzungumze kuhusu chuo kimoja kikubwa cha Marekani kilichoamua kuyaachia madesa yake dunia nzima, na yaliyofuata mpaka huku kwetu.

Turudi mwaka 2000. Wakati huo Wamarekani waliiona intaneti kama machimbo ya dhahabu, na vyuo navyo vikabeba sururu. Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilianzisha kampuni iliyoitwa Fathom ili kuuza elimu mtandaoni. MIT nao, wale wa sayansi na teknolojia kule Massachusetts, wakaunda kamati iliyoongozwa na Profesa Dick Yue kutafuta njia yao. Kamati ikapiga hesabu, ikaona biashara yenyewe hailipi. Wengine wangefunga faili na kwenda nyumbani. Hawa wakageuza swali: kama haiuziki, kwa nini tusigawe?

Aprili 2001 rais wa chuo, Charles Vest, akatangaza kwamba vifaa vya kufundishia vya karibu masomo yote ya MIT vitawekwa wazi bure, bila mtu kujisajili. Gharama ilikisiwa kufikia dola milioni 100 kwa miaka kumi. Mifuko miwili ya hisani, Hewlett na Mellon, ikatoa dola milioni 11 za kuanzia. Septemba 2002 yakatoka masomo 50 ya majaribio. Kufikia Novemba 2007 yalikuwa 1,800. Ile Fathom ya kuuza? Ilifungwa mwaka 2003.

Sasa tuelewane hapa. MIT hawakugawa shahada. Hukupata mwalimu wa kukusahihishia wala cheti cha kupeleka kwenye usaili. Ulipata mpangilio wa somo, maelezo ya mihadhara, maswali ya mitihani, na kwa baadhi ya masomo video. Wapo waliosema hiyo ni kumwonyesha mtu chakula kupitia dirishani. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mlengwa mkubwa si mwanafunzi peke yake. Fikiria mhadhiri kijana aliyekabidhiwa somo wiki mbili kabla ya muhula kuanza, maktaba ina kitabu kimoja na kimeazimwa. Huyo akipata mpangilio kamili wa wiki kumi na nne, pamoja na maswali, amepata kila kitu.

Halafu kuna leseni. Desemba 2002 taasisi ya Creative Commons ilitoa leseni zake za kwanza, na MIT wakachukua moja. Kwa lugha nyepesi inasema hivi: nakili, badilisha, tafsiri, ila mtaje mwenyewe, usiuze, na utakachotengeneza ukigawe kwa masharti hayohayo. Huhitaji kuandika barua ya kuomba kibali. Ndiyo maana mtandao wa vyuo wa Universia uliweza kuyaweka masomo hayo kwa Kihispania na Kireno.

Lakini bure ya Massachusetts si bure ya Dar es Salaam. Mpaka katikati ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na hata waya mmoja wa mkongo wa baharini. Kila kitu kilipita kwenye satelaiti, kwa bei ya kutisha na kwa mwendo wa konokono. SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukipita Dar na Mombasa, ndipo mambo yakaanza kubadilika. Kabla ya hapo MIT walikuwa wakiyajaza masomo yao kwenye diski na kuyapeleka kwenye vyuo vya Afrika, yapakiwe kwenye mtandao wa ndani wa chuo. Yaani hata enzi ya intaneti, desa lilisafiri kwa mkono.

Upande wa utafiti hadithi ni tofauti, na hapa ndipo napenda watu wawe makini. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wachapishaji sita wakubwa, lilizindua mpango wa HINARI. Vyuo na hospitali za kufundishia za nchi maskini, Tanzania na Kenya zikiwemo, zikaanza kusoma majarida ya tiba bila malipo kwa nywila ya taasisi. Ulisaidia sana, sibishi. Lakini nywila ni ya kuazimwa. Januari 2011 baadhi ya wachapishaji waliondoa majarida zaidi ya 2,500 kwa nchi ya Bangladesh, kwa sababu walikuwa wameanza kupata wanunuzi kule. Madaktari wakaja juu, majarida makubwa ya tiba yakaandika, na wachapishaji wakarudi nyuma. Safari hiyo.

Linganisha na kilichotokea MIT Desemba 2014. Chuo kiliziondoa video za fizikia za Profesa Walter Lewin, zilizokuwa na watazamaji wengi mno, baada ya uchunguzi kuthibitisha kwamba alimnyanyasa kijinsia mwanafunzi wa mtandaoni. Sababu ya kuziondoa ilikuwa nzito na mimi naiunga mkono. Lakini mihadhara yenyewe haikupotea, kwa kuwa leseni ilikuwa imeshawaruhusu wengine kuwa na nakala zao. Cha leseni kikishatoka hakirudi, tofauti na cha nywila.

Na sisi tumegawa nini? Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha mtandaoni kwa Afrika, AVU, kikirusha kwa satelaiti mihadhara kutoka ng'ambo. Yaani Mwafrika kazi yake ilikuwa kukaa na kutazama. Mwaka 2002 makao yakahamia Nairobi, na mwaka uliofuata nchi tano zikasaini kukifanya chombo cha serikali za Kiafrika. Mwaka 2011 AVU wakaachia masomo 73 ya hisabati, fizikia, kemia, biolojia, kompyuta na ualimu, yaliyoandikwa na wahadhiri wa Kiafrika wakiwemo wa Tanzania, Kenya na Uganda, chini ya leseni ya Creative Commons.

Yalitoka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Makao Nairobi, waandishi wengine kutoka hapa, na Kiswahili hakikuwemo! Leseni inaruhusu kutafsiri. Ningekuwa mhadhiri ningeanza na hisabati za mwaka wa kwanza, maana ndizo zinazoumiza wengi.