Tambi Baridi na Achari ya Kale: Ubishi wa Sahani Moja Mjini Bagamoyo

Katika arusi moja iliyofanyika Bagamoyo msimu wa kaskazi, wakati joto la pwani linapowalemea hata waliokaa chini ya miembe, iliandaliwa kando ya pilau na samaki wa kupaka sahani pana ya tambi zilizochemshwa, zikaoshwa kwa maji baridi, zikachanganywa na matango, karoti, vitunguu na ndimu, na juu yake zikanyunyizwa ufuta. Nayo sahani hiyo ikazua ubishi uliodumu mpaka adhana ya alasiri. Wazee walisema kuwa tambi baridi ni kiporo, na kiporo hakiandaliwi mgeni. Vijana walioipika wakajibu kuwa hicho ni chakula cha Kijapani, kinaitwa soba, na ulimwengu mzima unakila. Hivyo pande zote mbili, kwa makeke yao yote, zilikubaliana kuwa sahani ile ni ngeni kwetu, na hapo ndipo mimi nilipoona kuwa zote mbili zimeghafilika.

Soba, kwa hakika, ni ya Wajapani. Ni tambi nyembamba zenye rangi ya kijivujivu, zinazofanywa kwa unga wa mbegu ya mmea usio wa jamii ya ngano; huchemshwa, husuguliwa ndani ya maji baridi mpaka ute wa unga uzitoke, hupangwa juu ya ungo mdogo wa mianzi, na mlaji huzichovya katika mchuzi wa soya. Unga huo ni adimu katika maduka yetu, na vijana wa arusi ile walitumia tambi za ngano za pakiti, kama wafanyavyo wengi. Lakini tambi zenyewe zina jina la Kiswahili safi, jina lile lile la nyuzi za taa, na bibi mmoja wa mtaa wa Dunda, ambaye amepika katika shughuli za mji tangu ujana wake, alinieleza kuwa katika nyumba alimokulia Idi haikuwa Idi bila tambi, zilizokaangwa kwanza mpaka zikawa hudhurungi, kisha zikatiwa tui la nazi, sukari, iliki na zabibu. Huo ndio upande wa moto na utamu. Upande wa baridi na uchachu tunao pia, na ithibati yake ni ya kale kuliko magofu mengi tunayowaonyesha watalii.

Mwaka 1331 msafiri wa Kimoroko, Ibn Batuta, alifika Mogadishu kwa jahazi. Desturi ya bandari ile ilikuwa vijana wa mji kutoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mmoja wa wafanyabiashara na kutamka mbele ya watu kuwa huyu ni mgeni wangu. Kijana mmoja alipomwendea Ibn Batuta, wenzake wa safarini wakamwambia kuwa huyu si tajiri bali ni mwanachuoni, na kijana akatangaza kuwa huyu ni mgeni wa kadhi. Habari ikapelekwa, na kadhi akaja ufukoni yeye mwenyewe pamoja na wanafunzi wake. Mgeni alitaka kupata mahali pa kukaa kwanza, aende kwa mtawala baadaye; wakamkatalia kwa adabu, wakisema kuwa mwanachuoni au sharifu afikaye mjini hana budi kumwona Sheikh, yaani mtawala huyo, kabla hajapata makazi. Akaenda, akapokewa kwa tambuu, popoo na marashi ya Damascus, kisha akapelekwa kulala katika nyumba ya wanafunzi, na chakula kikamfuata huko huko.

Chakula hicho alikieleza kwa uangalifu ambao kila mpishi wa pwani anapaswa kuushukuru. Palikuwa na wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na kando, pamoja na maziwa ya mgando, palikuwa na malimau ya achari, vishada vya pilipili vilivyolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kila tonge la wali lilifuatwa na kipande cha chachu ile. Nyanya haikuwamo, wala pilipili kali tunayoijua leo, maana mimea hiyo ni ya Amerika na haikuvuka bahari mpaka baada ya Wareno; lakini mboga baridi zenye chumvi na ukali, zikiliwa pamoja na nafaka ili kuituliza samli, zilikuwa tayari kwenye sinia la Mwislamu wa pwani miaka karibu 170 kabla ya Vasco da Gama. Hiyo ndiyo kachumbari kabla ya jina lake.

Jina lililetwa na Wahindi, ambao walikuwa wengi Bagamoyo katika karne ya 19, zama za misafara ya pembe za ndovu, na miongoni mwao alikuwa tajiri Sewa Haji. Achari nalo ni neno lililosafiri kutoka Uajemi na Bara Hindi. Chumvi hatukuiagiza mbali: mashamba yake yako Nunge, hatua chache kutoka mjini.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa mwambao huu aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichapishwa mwaka 1903, alifariki ugenini mwaka 1927, na miaka 100 ya kifo chake haiko mbali na siku zetu. Yeye alitambua kuwa arusi, ngoma na maziko ya watu wake vyastahili wino. Tangu hapo ni wachache mno waliokaa jikoni kwa mama zetu na kalamu mkononi kwa saburi ile, na huo ni upungufu ambao sioni udhuru wake.

Ya baadaye katika majiko yetu yanajulikana: uhaba wa chakula wa miaka ya 1970 na unga wa njano ulioitwa Yanga, kisha kufunguliwa kwa biashara wakati wa urais wa Mzee Mwinyi, pakiti za tambi zikajaa madukani.

Bibi wa Dunda nilimpelekea sahani ya tambi zile. Alionja, akasema kuwa ndimu haikutosha na kwamba vitunguu vilipaswa kuoshwa kwa chumvi kwanza ili ukali upungue. Juu ya ubaridi hakusema neno. Ufuta aliusifu. Nikamwambia kuwa ufuta wa Lindi na Mtwara husafirishwa hata Japani, naye akanyamaza kitambo.

Nawasihi wenye mama na bibi walio hai katika mitaa ya Dunda na Magomeni na kule Kaole wachukue daftari kabla ya Ramadhani ijayo, waandike kipimo cha ndimu, chumvi na siki, na wataje jina la aliyewafundisha.