Mapendeleo ya Wanunuzi na Utangazaji wa Magari ya Umeme Nchini Marekani, 1900–1920

Kushindwa kwa gari la umeme mwanzoni mwa karne ya 20 huelezwa mara nyingi kwa kigezo cha betri: ilikuwa nzito, ya gharama kubwa na yenye masafa mafupi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Insha hii inadai kwamba namna gari hilo lilivyotangazwa ilichangia pia kulifungia katika soko dogo.

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalitumia mvuke, 1,575 umeme na 936 tu petroli. Gari la petroli lilikuwa na kelele, harufu na mtetemo, na injini yake iliwashwa kwa kuzungusha hendeli, kazi iliyoweza kumvunja mtu mkono. Gari la umeme liliondoka kimya, bila hendeli wala gia.

Watengenezaji kama Baker wa Cleveland, na Anderson wa Detroit aliyeanza kuunda Detroit Electric mwaka 1907, waliziona sifa hizo kuwa zinamfaa hasa mwanamke tajiri wa mjini. Gari lilipambwa ndani mfano wa sebule. Hata Clara Ford, mkewe Henry Ford, aliendesha Detroit Electric. Hata hivyo, kama mwanahistoria Virginia Scharff anavyoonyesha, dhana hiyo iliwadunisha wanawake: wengi wao walitaka nguvu, mwendo na safari ndefu sawa na wanaume. Wanaume nao walijifunza kuliona gari la umeme kuwa si lao.

Udhaifu wa mkakati huo ulidhihirika upesi. Ford Model T ilitolewa mwaka 1908 kwa dola 850, na bei yake ikaendelea kushuka. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kufungwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Hendeli ilipoondoka, sababu kuu ya kumwelekeza mwanamke kwenye gari la umeme iliondoka nayo. Kwa kinaya, umeme uliowekwa ndani ya gari la petroli ndio uliosaidia kuliangusha gari la umeme lenyewe.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 2008, Tesla ilianza kuuza Roadster, gari la michezo la viti viwili lililosifiwa kwa kasi yake ya kuondoka. Betri ilikuwa imeboreka sana, lakini ujumbe nao ulikuwa umegeuzwa: umeme sasa ulinadiwa kama nguvu, si kama upole. Mapendeleo ya wanunuzi, basi, hayakuwa hali ya kudumu iliyomsubiri muuzaji. Yalijengwa kwa sehemu na matangazo yenyewe, na mtengenezaji aliyemchagulia mnunuzi nafasi finyu alijikuta naye amebanwa humo.