Mama wa Miti Akiwa Mahabusu: Somo la Mwaka 1992



Juma lililopita, baada ya Misa Takatifu, mama mmoja wa WAWATA alinisubiri nje ya sakristia. Alikuwa amesikia redioni habari za mtetezi wa mazingira aliyekamatwa, na watu wakitaka aachiliwe. Akaniuliza: "Baba Paroko, mtu akishatiwa mikononi mwa serikali, sisi Wakristo tukisema aachiwe, si tunashindana na mamlaka iliyowekwa na Mungu?" Swali lake ni zuri, tena ni la zamani. Nilimwahidi jibu katika tafakari ya juma hili, nami nimeona nimjibu kwa historia, maana yapo mambo ambayo historia huyafundisha vizuri kuliko mahubiri.

Tumtazame Wangari Maathai. Wengi wetu tunamfahamu kama mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 2004. Wachache wanakumbuka kwamba miaka 12 kabla ya heshima hiyo alilala kwenye sakafu yenye maji ya mahabusu, akikabiliwa na shtaka ambalo adhabu yake ni kifo.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Alisoma shule ya bweni katika misheni ya Mathari, chini ya masista Wakonsolata kutoka Italia, na huko ndiko alikoupokea Ukatoliki na kujiunga na Lejio ya Maria. Kisha alisoma kwa masista wa Loreto huko Limuru, na mwaka 1960 akapata nafasi ya kwenda Marekani, katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Chuo hicho kilikuwa cha masista Wabenediktini. Sisi wa Mtwara, ambao tumelelewa kiimani na Wabenediktini wa Ndanda tangu mwaka 1906, tunaweza kukisia aliyoyaona huko: kusali kwa saa zake, kufanya kazi kwa mikono, na kuitunza ardhi kama amana. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hatua hiyo.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa harakati ya Ukanda wa Kijani, ambayo ilikuja kupanda miti zaidi ya milioni 30. Waliopanda walikuwa hasa wanawake wa vijijini, waliokuwa wakitembea mbali kutafuta kuni na maji. Hapo hakuna serikali iliyokasirika. Mwanamke mwenye jembe na mche hamtishi mtu.

Hasira ilianza mwaka 1989. Chama tawala kilikusudia kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma iliyo katikati ya Nairobi, mahali ambapo maskini wa mji huenda kupumzika Jumapili bila kulipa kiingilio. Wangari alianza kuandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, kwa nchi zilizotarajiwa kuhusika na fedha za mradi. Bungeni yeye na wenzake walikejeliwa kuwa kundi la wanawake walioachika. Harakati yake ilifukuzwa katika ofisi iliyokuwa ikizitumia. Lakini Januari 1990 wawekezaji wa nje walijitoa, na jengo halikujengwa. Kuanzia hapo mpanda miti alihesabiwa kuwa adui.

Mwezi Januari 1992, mfumo wa vyama vingi ukiwa umeruhusiwa majuma machache tu, Wangari na wanasiasa wengine wa upinzani walisema hadharani kwamba wamesikia kuna mpango wa kukabidhi nchi kwa jeshi. Baadhi ya wenzake wakaanza kukamatwa. Yeye alijifungia nyumbani kwake kwa siku tatu, polisi wakiwa wameizingira nyumba, mpaka tarehe 13 Januari walipokata vyuma vya madirisha na kumtoa. Alikuwa na umri wa miaka 51, mwenye maumivu ya baridi yabisi magotini. Baridi na maji ya mahabusu vilimfanya ashindwe kutembea. Siku ya kufikishwa mahakamani alibebwa, na baada ya kupewa dhamana alipelekwa moja kwa moja hospitali kwa gari la wagonjwa.

Naomba tutulie kidogo katika hati ya mashtaka. Ilisema: kueneza uvumi kwa nia mbaya, uchochezi, na uhaini. Haikutaja miti wala bustani ya Uhuru. Mtu mkweli atasema: basi alikamatwa kwa siasa, si kwa mazingira. Ni kweli, kwa kadiri ya karatasi. Lakini ni nadra kabisa mtu kushtakiwa kwa kosa la kutetea msitu au mto. Karatasi huandikwa uvumi, uchochezi, mkusanyiko usio halali, au kuingia mahali bila ruhusa. Kwa hiyo anayesoma habari za mtetezi wa mazingira aliyekamatwa hana budi kusoma mambo mawili: hati ya mashtaka, na historia ya mtu huyo kabla ya hati. Hati peke yake haitoshi, na historia peke yake haitoshi pia, maana hata mtu mwema anaweza kukosea.

Je, waliomtetea walisema nini? Kutoka Marekani, maseneta 8, miongoni mwao Al Gore na Edward Kennedy, waliiandikia serikali ya Kenya. Mashirika ya mazingira na ya haki za binadamu yalifanya hivyo pia. Hawakudai kwamba Wangari yuko juu ya sheria. Walichodai ni kwamba mashtaka yathibitishwe kwa ushahidi, vinginevyo ihesabiwe kwamba mtu anateswa bure. Miezi ikapita. Ushahidi haukuletwa. Novemba 1992 mashtaka yakafutwa.

Hapo, mama yangu mpendwa uliyeniuliza, ndipo lilipo jibu. Kutaka mfungwa aachiliwe si kuishinda sheria nguvu. Ni kuitaka sheria itimize wajibu wake: ilete ushahidi mbele ya hakimu, au ifungue mlango. Mtakatifu Paulo alitufundisha kuheshimu mamlaka. Lakini Paulo huyo huyo, alipopigwa na kutiwa gerezani kule Filipi bila hukumu, hakukubali kutolewa kimyakimya. Aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa walikuwa wamevunja sheria yao wenyewe.

Historia haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayonigusa zaidi. Wangari, akiwa nje kwa dhamana, mashtaka ya uhaini bado yakimning'inia, angeweza kukaa nyumbani akauguza magoti yake. Nani angemlaumu? Badala yake, tarehe 28 Februari 1992, aliungana na akina mama wazee ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Walikaa kwenye kona ya Uhuru Park, wakafunga kula, wakadai watoto wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale mama walivua nguo mbele ya askari, laana nzito katika mila nyingi za Kiafrika, kwani hakuna kijana anayependa kuuona uchi wa mama yake.

Walitawanywa, lakini walirudi. Kanisa kuu la Waanglikana la All Saints, lililo jirani na bustani, liliwafungulia mlango, nao wakakaa humo kwa takriban mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwaombea walikuwa wameachiliwa.

Tazameni jinsi mambo haya yanavyoshikana. Kona waliyokaa akina mama hao ilikuwa ndani ya bustani ile ile aliyoiokoa mwaka 1989. Laiti jengo lile la ghorofa 60 lingesimama, wale mama pengine wasingekuwa na mahali pa kuketi na kulilia watoto wao. Mtu anapotetea nafasi ya watu wote, hajui ni nani atakayeihitaji kesho.

Kanisa nalo si geni katika kazi hii. Katika orodha za kale za matendo ya huruma, kuwakomboa mateka kuliwekwa pamoja na kuwalisha wenye njaa. Mwaka 1218 Mtakatifu Petro Nolasco alianzisha shirika la watawa kwa kusudi hilo. Na katika pwani yetu wenyewe, mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watumwa na kuwapa makazi. Sisi wa kusini, ambao misafara ya watumwa ilipita kwetu kuelekea Mikindani na Kilwa, tunalijua neno "kuachiliwa" lina uzito gani.

Ndugu zangu wa Rahaleo, haya hayako mbali nasi. Tuna mikoko ya mdomo wa Ruvuma na matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, yaliyowekwa chini ya hifadhi ya bahari mwaka 2000. Tuna gesi chini ya ardhi. Mwaka 2013 gesi hiyo hiyo iliuingiza mji wetu katika machafuko. Watu walipoteza maisha, mali zikateketea, na wengi wakakamatwa. Sisemi kwamba kila aliyekamatwa alikuwa mtetezi wa haki, kwani wapo waliotuhumiwa kuchoma na kupora. Nasema tu kwamba siku zile ilikuwa rahisi kuwatia wote katika kapu moja, aliyeuliza swali pamoja na aliyewasha moto. Wale mama wa Nairobi waliketi chini, hawakurusha jiwe, na kwa sababu hiyo haikuwezekana kuwachanganya na wahalifu.

Wala si jambo la zamani tu. Juni 2024, Stephen Kwikiriza wa Uganda, aliyekuwa akifuatilia madhara ya uchimbaji wa mafuta kando ya Ziwa Albert, alichukuliwa mjini Kampala. Kwa siku kadhaa wenzake walitangaza jina lake na kuuliza yuko wapi. Tarehe 9 Juni aliachwa kando ya barabara, mbali na Kampala, akiwa amepigwa. Mafuta hayo ndiyo yanayochimbwa kwa ajili ya bomba linaloishia Chongoleani, Tanga, katika pwani hii hii ya Waswahili.

Basi tufanye nini? Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Na ibara ya 13 inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani. Kwa hiyo tukisikia mtetezi wa msitu, wa bahari au wa ardhi amekamatwa, hapa kwetu au kwa jirani, tuulize kwa upole bila kuchoka: Yuko wapi? Ameshtakiwa kwa kosa gani? Ushahidi uko wapi? Mahakamani atafikishwa lini? Na ushahidi ukikosekana, tuseme wazi kwamba aachiliwe. Tumtaje kwa jina katika sala za Jumuiya Ndogondogo. Familia yake tuipelekee unga na mafuta. Mwenye sifa za kumdhamini, asijifiche.

Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Jina la kata yetu linatuahidi raha leo, na si vibaya kuipenda raha. Ila yeye, siku alipotoka mahabusu, raha yake ya leo aliitoa ili mtoto wa mwingine apate kurudi nyumbani. Nawaomba juma hili kila mmoja amtafute mfungwa mmoja wa kumwombea, na familia moja ya mfungwa ya kuitembelea.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!