Dirisha la Dawa (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Koplo mstaafu Mrisho, aliyekuwa teja na sasa ni mnasihi kwenye kliniki ya methadoni Temeke, anaambiwa kuna mgonjwa aliyehamishwa kutoka Dodoma. Dozi mbili zimempita njiani, na hataki kuzungumza na mtu yeyote ila "Koplo". Mrisho anafungua mlango wa chumba cha unasihi...

SASA ENDELEA

Aliyekaa kwenye benchi alikuwa Sajini Taji Makoye.

Mwili wangu ulimtambua kabla ya akili. Nikajikuta nimesimama mguu sawa, mikono imenyooka ubavuni, mtu mzima mimi mwenye beji ya kliniki kifuani. Makoye alikuwa akitokwa na machozi, pua inachuruzika, miguu haitulii. Arosto ilikuwa imemkamata barabara.

"Mguu pande, Koplo," alisema, akajaribu kucheka.

Huyu ndiye aliyetufundisha kwamba askari hasemi kinachomuuma. Tulikwenda naye Kongo na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013, sisi, Waafrika Kusini na Wamalawi. Waasi wa M23 walipokimbia Novemba ya mwaka huohuo, watu wa Goma walitushangilia. Waliobaki ni waasi wa ADF kwenye misitu ya Beni, watu wanaotokea porini jioni na kurudi porini kabla hujawaona sura. Ni huko, barabara ya Mbau kwenda Kamango, mwenzetu Juma alipofia kwenye gari la mbele. Kiti kile kilikuwa changu. Asubuhi ile nilikuwa na homa, au nilisema nina homa, mpaka leo sina hakika. Nikamwomba anishikie doria. Akanirushia blanketi: "Lala, mama mjamzito."

Mliofuatana nami tangu mwanzo mnajua yaliyofuata: pombe ya kutafutia usingizi, kisha vidonge vya tramadol, kisha kete za heroini. Dirisha la methadoni la Muhimbili, la kwanza nchini, lililofunguliwa mwaka 2011, ndilo lililonirudishia akili.

Nilimpeleka Makoye dirishani kwanza. Mtu mwenye arosto huwezi kumshauri kitu. Sista Neema alisoma barua ya Dodoma, akapiga simu kuhakikisha kiwango, akampa kikombe. Makoye akanywa, akaambiwa ataje jina lake kwa sauti. Ni utaratibu wetu: anayeongea hawezi kuficha dawa mdomoni, na wapo wanaoitema nje wakaiuza.

Tuliporudi chumbani sikumuuliza ilikuwaje. Ukimuuliza askari ilikuwaje, atakupa ripoti. Mimi huwauliza kuhusu kulala.

"Afande, unalalaje siku hizi?"

"Nimekaa. Mgongo ukutani, uso mlangoni."

"Taa?"

"Inawaka."

"Na shemeji?"

Akatazama viatu vyake. "Alihamia kwa dada yake. Usiku mmoja nilishtuka nimemkaba."

Sikumwambia pole. Nilimwambia kwamba hata mimi niliwahi kumkaba mke wangu, na kwamba kuna siku nilijificha chini ya kitanda kwa ajili ya fataki za mwaka mpya. Mabega yakamshuka. Hapo ndipo kazi huanza, na madaktari wenye shahada zao wananielewa nikisema kuna milango inayomfungukia tu aliyewahi kufungiwa ndani.

"Koplo," alisema, "kuna jambo la Juma. Nitalisema leo. Nipatie chai kwanza."

Kwa mama ntilie palikuwa na foleni. Niliporudi na vikombe viwili, benchi lilikuwa tupu. Begi lake lilikuwa palepale.

Haturuhusiwi kupekua mzigo wa mgonjwa bila shahidi, nikamwita Sista. Suruali. Sabuni ya mche. Halafu karatasi ya Valium, vidonge kumi, vyote vimetobolewa.

Sista alinyamaza, akaangalia saa ukutani. "Methadoni inafika kileleni baada ya saa tatu, nne hivi," alisema. "Ikikutana na hivi, pumzi inapungua mpaka inakatika. Ametaja anapofikia?"

Alitaja. Faili lilisema gesti moja Mbagala Rangi Tatu.

Chini kabisa ya begi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Ratiba ya doria, kwa mwandiko wa Makoye. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake pameandikwa JUMA. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa ya siku moja kabla sijaomba chochote.

Nyuma, kwa wino mpya: *Hukumuua wewe, Koplo. Niliamriwa.*

Kwenye bajaji Sista alikuwa ameshika bomba la sindano na vichupa vya naloksoni. "Hii itaiondoa methadoni," alisema. "Valium haiigusi. Omba Mungu." Nami niliomba, ingawa nakiri sikujua naomba mtu apone au naomba jibu.

Mhudumu wa gesti alikuwa akisuka nywele mapokezini. "Namba saba? Kalala fofofo huyo mzee. Anakoroma mpaka wapangaji wanalalamika."

Sista akaanza kukimbia. Aliyezidiwa na dawa hukoroma hivyo, mkoromo mzito wenye majimaji, na watu humwacha wakidhani amepata usingizi mzuri.

Tulifika mlangoni tukausikia. Mrefu. Kimya. Mwingine, mfupi zaidi. Kisha haukuja tena.

Nilipiga mlango teke. Ukagoma. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaweka bega langu bovu.

Kabla sijaruka, ufunguo ulizungushwa. Kwa ndani.

Je, nani yuko chumbani na Sajini Taji Makoye? Na nani aliyetoa amri ya kulikata jina la Mrisho? Usikose sehemu ya tano, Jumamosi ijayo.