Nani Alichora Jiko la Mama?

Kama hujawahi kuamka Njombe mwezi wa saba, basi baridi unaisikia tu redioni. Kwetu dirisha la jiko lilikuwa dogo, tundu la kutolea moshi hasa. Mama alichambua maharage mlangoni hata saa nne asubuhi, maana huko ndani mwanga wote ulikuwa wa moto wa kuni. Usiku kibatari. Chemli ilitoka akija mgeni, na karabai tuliiona arusini au kwenye kilabu cha ulanzi.

Nayaleta haya kwa sababu ya daftari. Daftari langu la historia nililiwekea jalada la karatasi ya kalenda kuukuu niliyopewa kwenye duka moja pale Makambako. Juu yake alikuwapo mama wa Kizungu, mnene, kakunja mikono ya gauni, anamimina maziwa. Basi. Hakuna mfalme wala malaika. Miaka ilipita ndipo nikajua kuwa ni kazi ya Johannes Vermeer, Mholanzi wa mji wa Delft, aliyeichora kama mwaka 1658 hivi, na kwamba picha yenyewe haifiki nusu mita kwa urefu.

Itazame vizuri. Mwanga unaingia kwa dirisha la kushoto, na kioo kimoja kimevunjika. Ukutani umebaki msumari, na matundu ya misumari mingine iliyong'olewa. Sakafuni kuna kijisanduku cha makaa cha kupashia miguu moto. Jamani, huyu si mtu wa Njombe? Wapo wataalamu wanaosema anapika uji wa mkate uliokauka. Nilipomweleza mama alicheka: "Kumbe na wao hawatupi kiporo!"

Sasa kwa nini mtu achore mtumishi wa jikoni? Jibu liko kwenye soko. Makanisa ya Kikalvini ya Uholanzi hayakuagiza picha za altareni, kwa hiyo mchoraji wa karne ya 17 aliwauzia watu wa mjini: mtengeneza bia, mfanyabiashara wa vitambaa, hata mwoka mikate. Hao walitaka kuona nyumba zinazofanana na zao. Pieter de Hooch aliwachorea nyua na milango inayofungukia kwenye mwanga. Gerrit Dou wa Leiden alichora shule ya usiku, wanafunzi wakisoma kwa mishumaa. Sisi tuliolala na masizi puani tunamwelewa. Ila usidhani ilikuwa peponi. Sehemu ya utajiri ule ililetwa na meli za kampuni ya biashara ya Mashariki, iliyoanzishwa 1602, ambayo pia ilinunua na kuuza watumwa.

Naye Vermeer mwenyewe? Alikufa 1675 na madeni, ameacha watoto kumi na mmoja. Mjane wake, Catharina Bolnes, ilimbidi ampe mwoka mikate picha mbili kwa ajili ya deni la mikate lililopita gilda 600. Yaani yule aliyechora mkate mpaka kila chembe ikang'aa, mkate wenyewe alikula kwa mkopo. Wewe unayeandika mashairi huku unadaiwa kodi ya chumba, haya.

Huku kwetu, aliyekaribia zaidi kazi ya namna hiyo ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyezaliwa 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha Slade, London. Akiwa na elimu yote hiyo, alichora maisha ya kijijini. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Haikuibwa, ilinunuliwa. Lakini linganisha: mwaka 1907 Waholanzi waliposikia fununu kuwa yule mama wa maziwa angeuzwa Marekani, walibishana magazetini mpaka bungeni, na mwaka 1908 serikali ikamnunua. Yuko Amsterdam hadi leo. Mwaka 1960 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Bunge la kuipigania picha ya watu wa pombe lingetoka wapi?

Laini kubwa ya umeme ya Makambako hadi Songea ilikamilika 2018, na vibatari vinazidi kutupwa. Juzi nilimwomba mama asimame karibu na mafiga nimchore kwa penseli, kibatari nimekiwasha makusudi. "We mtoto, taa ipo, kibatari cha nini?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nisubiri, akaingia chumbani kutafuta kitenge chake cha kutokea.